Vibao Vilevile, Saa Nyingine

Jumatatu, Jimbocho

Maduka ya vitabu vikuukuu ya Jimbocho, hapa Tokyo, karibu yote yamejipanga upande wa kusini wa barabara ya Yasukuni, milango ikitazama kaskazini. Sababu ni jua. Likishinda linapiga kwenye rafu, karatasi inageuka rangi na majalada yanapauka. Mtaa mzima unaukwepa mwanga, na humo ndimo nilimoingia kutafuta picha za mwanga.

Kazi iliyonileta Japani imekwisha, na ndege ya kurudi Dar ni Jumapili. Hizi siku za katikati ni zangu. Wenzangu wamekwenda Kyoto. Mimi kuna jambo limekuwa likiniwasha tangu nilipolikuta kwenye kitabu cha maktaba: picha za chapa ya mbao alizotoa Yoshida Hiroshi mwaka 1926, mashua za matanga kwenye Bahari ya Ndani ya Seto. Mchoro ni mmoja, mashua zimesimama palepale, lakini picha ni sita: asubuhi, kabla ya adhuhuri, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Vibao vilivyochongwa ni vilevile. Kinachobadilika ni rangi inayopakwa juu yake. Mimi riziki yangu ni kamera, na kamera imenifundisha kwamba jua likisogea kila kitu kinasogea nalo. Kivuli cha asubuhi huwezi kukitumia jioni. Huyu bwana aliwezaje?

Mzee mwenye duka alikuwa nayo moja halisi, ile ya asubuhi. Tuliongea kwa Kijapani changu cha kuokoteza na Kiingereza chake cha kuokoteza. Akavuta droo pana, akaitoa kwa mikono miwili, karibu sentimita 50 kwa 36, akaiweka juu ya kitambaa. Kisha akazima taa ya darini akawasha ya mezani, akailaza ubavuni ili mwanga upite juu ya karatasi badala ya kuipiga usoni. Hapo nikaona ambacho vitabu havionyeshi. Karatasi ina mabonde na miinuko, rangi imezama kwenye nyuzi zake, na kwenye anga kuna alama hafifu za mkono uliokuwa ukisugua. Njano ya mawio haikomei kwenye mstari wowote. Inapungua, inapungua, mpaka inakuwa karatasi tupu. Chini, tanga la mashua ya mbele linajirudia majini, likishuka moja kwa moja kuelekea kwa mtazamaji.

Kwenye ukingo wa kushoto kuna muhuri mdogo, jizuri, ambao wanunuzi huutafuta kabla ya kutazama picha yenyewe. Maana yake ni kwamba uchapaji umefanyika chini ya usimamizi wa Yoshida mwenyewe. Alizaliwa Kurume mwaka 1876 na kufunzwa uchoraji wa Kizungu, rangi za mafuta na za maji. Mwaka 1899 alivuka kwenda Marekani na rafiki yake kuuza picha. Baada ya tetemeko kubwa la tarehe 1 Septemba 1923 alisafiri tena, Marekani na Ulaya, akarudi mwaka 1925 na kufungua karakana yake. Wachongaji na wachapaji walikuwa wake, na jicho lake lilikuwa juu yao. Safari hiyo ilimpitisha Misri, akamchapa Sphinx mara ya mchana na mara ya usiku, kwa hiyo bara letu nalo limo katika hesabu zake za mwanga.

Usiku nikamtumia mjomba wangu picha za zile mashua. Yuko Pangani, na enzi zake alikuwa nahodha wa jahazi la Tanga, Pemba na Unguja.

“Shikamoo mjomba. Hebu nitazamie hizi mashua za Kijapani.”

“Marahaba mwanangu. Hizo haziendi popote. Tanga lote linaonekana majini. Upepo ukiwepo huoni hata nusu yake. Hao wanangoja.”

“Wanangoja nini?”

“Mimi nitajuaje? Waulize wenyewe.”

Jumanne, Shiba na Magome

Huwezi kumfuata Yoshida ukampita mchoraji mwenzake wa chapa, Kawase Hasui, bila salamu. Huyu ni mtoto wa Tokyo, amezaliwa 1883 na kufariki 1957, na mchapishaji wake alikuwa Watanabe Shozaburo, ambaye duka lake bado lipo Ginza mikononi mwa familia. Hasui alichora tu; kuchonga na kuchapa vilifanywa na mafundi wa Watanabe. Lile tetemeko la 1923 na moto uliofuata viliteketeza vibao vya duka pamoja na madaftari ya michoro ya Hasui. Miaka miwili baadaye akatoa picha ambayo leo inachapishwa hadi kwenye mifuko ya watalii: hekalu la Zojoji, Shiba, mwaka 1925. Lango jekundu, theluji inaanguka kwa kishindo cha upepo, mwanamke ameinamisha mwavuli.

Lango lenyewe lilijengwa 1622 na bado limesimama. Leo hakukuwa na theluji, Novemba ndiyo kwanza iko katikati. Jua la saa nne lilikuwa likilipiga ubavuni, na chini ya mapaa yake kulikuwa na giza la rangi ya damu ya mzee. Nyuma kabisa unauona Mnara wa Tokyo, jambo ambalo Hasui hakulazimika kulifikiria. Nilisimama pale alipopita mwanamke wake, nikafungua simu kulinganisha. Kwenye picha ya Hasui hakuna kivuli kilicholala chini hata kimoja. Hakuna jua la kukilaza. Mwanga unatoka kwenye theluji yenyewe, na theluji ni karatasi ambayo haikuguswa na rangi. Sehemu inayong’aa kuliko zote ndiyo ambayo mafundi hawakuifanyia chochote, ila kuilinda isichafuke wakati rangi nyingine zote zikipita pembeni yake.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu waliotangulia. Chapa za zamani za Edo, jina la kale la Tokyo, hazikuwa na haja kubwa na vivuli. Mtu anatembea juani mchana kweupe, na miguuni pake pasafi. Hiroshige, mchoraji wa enzi hizo, aliwapa watu wa mtaa wa Saruwaka vivuli chini ya mwezi mwaka 1856, na picha hiyo inatajwa sana kwa sababu zilizofanana nayo ni chache. Aliyeubeba mwanga kama hoja yake ni Kobayashi Kiyochika, kati ya 1876 na 1881, na picha zake za Tokyo yenye taa za gesi, fataki na moto. Hasui na Yoshida walikuta mlango umeshafunguliwa.

Magome ni kusini mwa jiji, vilima vya nyumba za kawaida. Hasui aliishi upande huo, na mwaka 1930 aliichora kwa mwezi: misonobari mirefu, mwezi mpevu nyuma yake, nyumba ya shambani chini, na picha nzima imezama kwenye buluu isipokuwa mwezi na dirisha moja lenye taa. Misonobari ile haipo tena. Jumba la makumbusho la wilaya ya Ota, ambalo linatunza kazi zake, liko huku, ila leo chapa zake hazikuwa zimetundikwa, nikatembea tu mpaka giza likaingia. Giza lenyewe hapa linaingia saa kumi na moja jioni, wakati ambao kwetu watoto bado wako uwanjani.

Kwa upande wa usiku, Hasui simpi mpinzani. Nyeusi yake si nyeusi, ni buluu iliyorudiwa. Ukiitazama karibu unaona tabaka la kwanza linachungulia chini ya la pili.

Jumatano, njiani

Treni ya mwendokasi kutoka Tokyo mpaka Fukuyama, muda wa saa tatu na nusu hivi. Nilikata kiti cha upande wa kulia ili nimwone Fuji, na Fuji alikuwa ndani ya wingu. Kutoka stesheni ya Fukuyama basi linachukua kama nusu saa hadi Tomonoura, bandari ndogo katikati ya pwani ya Bahari ya Ndani. Nimefika, nimekula wali na changu wa huku, nimelala.

Alhamisi, Tomonoura

Nimeichagua Tomonoura kwa kuwa Yoshida aliichora, lakini pia kwa jibu la mjomba. Maji yanayojaa huingia Bahari ya Ndani kutoka mashariki na kutoka magharibi, na hukutana karibu na hapa. Chombo cha tanga kilikuja na maji mpaka Tomo, kikatia nanga, kikangoja maji yageuke ndipo kiendelee. Mji mzima uliishi kwa kungoja huko: maghala, wafua chuma, pombe ya dawa iitwayo homeishu ambayo bado wanaitengeneza. Kwa hiyo mjomba, akiwa Pangani, na simu yenye kioo kilichopasuka, alikuwa amesoma sawasawa.

Nilikuwa gatini kabla ya saa moja kasoro robo asubuhi, jua lilipochomoza upande wa kisiwa cha Sensui. Bandari ina umbo la upinde, na ukingoni kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini, pana, ili mzigo ushushwe maji yakiwa juu au chini. Mwisho wa upande mmoja umesimama mnara wa taa wa mawe, Joyato, wa mwaka 1859, mita tano na nusu hivi kutoka chini. Nikakaa ng’ambo yake. Mpango ulikuwa kumtazama huyo mmoja siku nzima.

Asubuhi bahari ilikuwa imelala kabisa. Wenyeji wana jina la utulivu huu wa asubuhi na jina jingine la ule wa jioni, wakati upepo wa nchi kavu na wa baharini unapobadilishana zamu. Mnara ulikuwa majini mzima, kuanzia kilele mpaka ngazi, umepinduliwa. Kivuli chake kilikuwa kimelala upande wa mji, kirefu, kimepanda ukuta wa ghala na kukunjika hapo.

Saa tatu nikapiga picha nyingine, nimekaa palepale. Kivuli kimeshuka kutoka ukutani. Sura ya majini haijasogea.

Adhuhuri nilijitazama miguuni. Kwetu pwani wakati huu wa siku kivuli unakikanyaga; hapa, katikati ya Novemba, kivuli changu cha mchana kilikuwa kirefu kunizidi, kikielekea kaskazini. Wajapani wanaishi nusu ya mwaka na jua la pembeni, na nadhani ndiyo maana wachoraji wao walipoanza kupenda vivuli walikuwa na vingi vya kuchagua. Kivuli cha mnara kilikuwa kimehamia upande mwingine wa jukwaa lake. Majini? Mnara uko chini ya mnara, palepale.

Hapo ndipo nilipolipata jibu nililolifuata, na nilicheka peke yangu mpaka mvuvi mmoja akageuka. Kivuli kinamtii jua. Sura ya majini inamtii mtazamaji. Jua lihame litakavyo, almuradi mimi nimekaa kwenye jiwe langu, mnara utaanguka majini kwa mstari uleule, kuja kwangu. Yoshida hakuweka nyumba wala mti mbele ya picha yake, vitu ambavyo vivuli vyake vingeitangaza saa na kumlazimisha achonge upya. Aliweka mashua juu ya maji tulivu. Giza kubwa kuliko yote pichani ni ile sura ya mashua inayoshuka, na hiyo inafaa asubuhi, inafaa usiku, inafaa kwenye ukungu. Mchongaji anachonga mara moja, saa analetewa na mchapaji.

Nikamsalimu yule mvuvi na kumwonyesha mashua za Yoshida kwenye simu. Akazitazama muda, akanyoosha kidole upande wa magharibi, akasema neno ambalo nililielewa kuwa “babu”. Boti yake mwenyewe ni ya injini na plastiki, yenye tangi la samaki hai katikati. Tanga sikuliona hata moja siku nzima.

Alasiri Yoshida nikamshika. Upepo wa baharini ulikuwa umeamka tangu saa sita na kitu, na mnara wote wa majini ukavunjika vipandevipande. Ilibaki michirizi tu ya kijivu inayochezacheza. Mjomba alishasema. Sasa, ile picha ya alasiri ya 1926 ina mashua zilezile na sura zilezile zilizotulia majini. Bahari ya alasiri ya namna hiyo inawezekana, ila si ya kawaida, na siku niliyoishuhudia mimi haikuwa hivyo. Kwa maoni yangu ndiyo iliyo dhaifu kati ya zile sita. Rangi inasema alasiri, maji yanasema alfajiri. Asubuhi, ukungu na jioni ndizo zenye nguvu, na ndizo saa ambazo bahari hii hutulia kweli.

Alijua, bila shaka. Kwenye picha nyingine ya mwaka huohuo, ile ya bahari inayong’aa ambayo Diana wa Uingereza aliitundika ofisini kwake Kensington, hakutafuta maji tulivu kabisa. Mng’aro wa jua juu ya mawimbi madogo umechongwa kwa patasi ya mviringo, alama moja moja, na kila alama ni karatasi iliyoachwa ing’ae. Huko mwanga umo kwenye mbao zenyewe, kwa hiyo huwezi kuigeuza kuwa usiku kwa kubadilisha rangi tu.

Saa kumi na moja jua lilizama nyuma ya vilima vya mji. Kivuli cha mnara kikafutika pamoja na vivuli vingine vyote, na upepo ukakatika dakika chache baadaye. Mnara ukarudi majini mzima. Wakawasha taa. Nikapiga picha ya mwisho kutoka jiwe lilelile na vidole vimeganda, nikaenda kutafuta supu.

Ijumaa, Abuto

Mvua. Nilitaka kuona hekalu la Abuto, lile jekundu lililokalia ncha ya jabali juu ya bahari, magharibi kidogo ya Tomo. Hiroshige naye alilichora. Mimi nililiona likiwa na mwavuli wangu mbele ya macho na bahari ya rangi ya zege. Hakuna kivuli, hakuna sura majini, na ubao wa ukumbi unaozunguka hekalu unainama kuelekea nje, kitu ambacho magoti yangu hayakukipenda. Kwa picha hakufai siku kama hii. Jioni nikapanda treni kurudi.

Jumamosi, Tokyo

Karakana moja ndogo inaruhusu watu watano watano kumtazama mchapaji akiwa kazini. Ni mama wa makamo, anakaa chini, miguu ameikunja, kibao kiko juu ya meza fupi inayoinamia upande wa mbele. Karatasi zimelowekwa unyevu tangu jana. Kwenye kona ya kibao kuna vichongo viwili vya kuegeshea karatasi, na hapo ndipo roho ya kazi ilipo: karatasi ikikaa nje kwa unene wa unywele, rangi ya kumi na tano itapanda juu ya ya kumi na nne. Kazi za Yoshida kwa kawaida zilipita mara zaidi ya 30 kwa karatasi moja, na lango la Yomeimon la Nikko, mwaka 1937, lilipita mara 96.

Leo alikuwa akichapa anga. Alilowesha kibao kwa kitambaa, akatia rangi kwenye ncha moja tu ya brashi, akaivuta mara tatu kutoka ukingo wa juu. Upande wenye rangi ukaacha buluu nzito, upande wa maji haukuacha kitu, na katikati vikakutana bila mpaka. Akalaza karatasi, akachukua kisugulio cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, ukubwa wa chapati ndogo, akasugua kwa uzito wa bega zima. Alipoinua karatasi anga lilikuwa na saa kumi na mbili jioni.

Kisha akatuonyesha kibao ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia. Ni cha kijivu tu. Hakina mchoro unaoeleweka, ni madoa na vipande, ungedhani kimeharibika. Hicho huchapwa mapema, kabla ya rangi nyingi, ili kivuli kikae chini yake. Buluu au kahawia ikipita juu, inazama pale penye kijivu na kubaki safi pasipo nacho. Watanabe na Yoshida walikitumia sana. Nikamuuliza, kwa ishara nyingi, kama kibao hicho kingetumika asubuhi na jioni kwa mti uliosimama nchi kavu. Akacheka, akatikisa kichwa, akachora mti hewani na kivuli upande huu, kisha kivuli upande ule, akainua vidole viwili: vibao viwili, gharama mara mbili.

Nikamrekodia mjomba sauti ndefu kumweleza yote: mnara, upepo wa alasiri, kibao cha kijivu. Jibu lake lilikuja nikiwa napanga begi.

“Mimi nilikwambia siku ile kwamba hapo hakuna upepo. Sasa wewe umekwenda mpaka huko kuhakikisha. Haya, hiyo ya asubuhi wanauza pesa ngapi?”

Nikamtajia bei.

“Mwambie mzee akupe ya alasiri. Kwa kasoro hiyo lazima apunguze.”